Vijiti Arobaini Badala ya Mbuzi wa Tatu

Mbuzi wawili wa kwanza tuliwakubali bila kelele. Mdogo wangu alikuwa anampenda yule msichana kwa namna ya kuchosha watu, na kijana akifika hapo, mbuzi wawili si kitu. Taabu yote ilitoka kwa mbuzi wa tatu.

Mimi nauza samaki wakavu katika soko la Kenya, mtaa wa mji wetu na si ile nchi, samaki wa kutoka Kasenga, na jamaa zetu hawajawahi kunituma mahali popote kwa ajili ya sura yangu. Wananituma kupunguza. Siku ya kujadili mahari msemaji rasmi alikuwa mjomba wetu, kama desturi inavyotaka. Alikaa kiti cha mbele, akatoa salamu, akakohoa kwa heshima. Lakini kila walipofika penye idadi alinigeukia mimi, kama mtu anayetazama saa ya ukutani.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, kule Kampemba, katika lupango ya baba wa msichana, yaani uwanja wa nyumba yake. Mzee yule alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na hata siku ya wageni alikuwa na penseli nyuma ya sikio. Aliisoma orodha yake kama anayetangaza vituo vya treni: kostimu yake, viatu, blanketi, vitambaa vya vikwembe vya mama, panga, jembe, mfuko wa chumvi, mbuzi watatu.

"Papa," nikasema, "ile mbuzi ya tatu utaifunga wapi?"

Wote tukageuka kuangalia upande wa barabara. Lupango ilizungushiwa mabati ya zamani, yenye kutu na matundu, yaliyosimama kwa sababu tu yalikuwa yameegemeana. Mbuzi mwenye akili angepita hapo bila kuinamisha kichwa.

Mzee naye aliyatazama mabati yake. Nilidhani nimemmaliza.

"Mama, unasema kweli," akasema. "Itatoka, batu ba avenue batakula, na miye nitabaki na hasira. Bon. Tuache mbuzi. Muniletee bugenvilia."

"Bugenvilia?"

"Ile ya miiba. Hii mabati nitatoa yote, nipande maua pale mbele, sawa vile tulikuwa nayo mu kambi ya reli. Muniletee makumi ine."

Makumi ine ni arobaini. Moyo wangu ulicheza, lakini uso niliukunja. Mji huu wote una bugenvilia zinazoning'inia juu ya kuta za matajiri, hakuna mtu anayeziuza wala anayezilinda. Arobaini ya vitu vya bure, badala ya mbuzi mzima! Hata hivyo mtu hakubali papo hapo.

"Arobaini ni mingi, Papa. Fanya ishirini."

"Makumi ine."

"Thelathini, na mimi mwenyewe nazileta."

"Mama, nimesha kupima na miguu. Kutoka kona hii mpaka kona ile ni hatua makumi ine. Nikiacha nafasi, mbuzi za majirani zitaingia."

Mjomba akakohoa. Nikashusha pumzi ndefu, kama mtu anayeng'olewa jino, nikakubali. Mzee akatoa penseli sikioni, akaandika huku akisoma kwa sauti: bugenvilia makumi ine, zenye kuwa hai, zenye kuwa na mizizi, siku ya kuleta mahari. Lile neno la mizizi nililisikia. Likapita.

Siku yenyewe ilipangwa Jumamosi ya katikati ya Novemba, na ndoa ya kanisani Jumamosi itakayofuata. Baada ya hapo Majilio yanaanza, na padri wa parokia yao hafungi ndoa wakati wa Majilio. "Mahari ikipungua kitu kimoja," mzee alisema tukiwa tumeshasimama kuaga, "harusi inangoja mpaka kiisha Noeli." Mdogo wangu alitabasamu. Alikuwa ameshaahidiwa kazi na nyumba kule Kipushi, nyumba ya mtu mwenye mke. Aliamini dada yake.

Kesho yake nilikwenda mtaa wa wenye nyumba kubwa. Mbele ya geti moja nilikuta matawi ya bugenvilia yamekatwa na kurundikwa barabarani, na mlinzi amekaa kando kwenye kiti cha plastiki.

"Mama, unatafuta nini mu takataka yangu?"

"Ni yako kweli?"

"Iko mbele ya mulango yenye ninachunga. Ni yangu."

"Basi ni weye unafunga njia. Watu wa usafi wa commune wakipita nitawaonyesha mwenyewe."

Akafikiri. "Si yangu."

"Kama si yako, ninachukua. Na miye ninakufagilia hapa bure, utakosa kunipa hata mifuko miwili?"

Alinipa mifuko miwili, akanisaidia kujitwika. Nilikuwa nimeshafika kona ndipo nikamsikia akiniita mwizi, lakini kwa sauti ya mtu asiye na hakika ameibiwa nini.

Kupanda nilifundishwa na jirani yetu mmoja, mzee anayefanya kazi kwenye kitalu cha maua kando ya barabara ya Kasapa. Aliomba samaki wawili kwa somo. Tulielewana kwa mmoja, mwenye kichwa. Kwa samaki mmoja alinipa mengi. Chagua tawi lenye unene wa penseli, lisiwe bichi sana wala gumu kama kuni. Kata mshazari chini ya kifundo, uache macho manne, yaani vile vivimbe ambavyo majani hutokea. Toa majani yote. Udongo wa kichuguu changanya na mchanga na unga kidogo wa makala, yaani makaa, jaza kwenye vifuko vyeusi vya plastiki, macho mawili yaingie ndani na mawili yabaki nje. Weka kivulini. Mwagilia.

"Na vitashika vyote?" nikamuuliza.

"Kumi ukipanda, utapata sita. Saba kama Mungu anakupenda."

Nilipiga hesabu ya sita, nikaongeza ya Mungu kutonipenda, nikapanda themanini. Nilivihesabu, nikavihesabu tena kwa kuanzia upande wa pili. Mdogo wangu alipanda kumi na viwili kati ya hivyo, na vyote kumi na viwili alivipanda kichwa chini. Alidhani upande mnene ndio unaotazama juu, kama wa kirungu. Nikavipindua.

Wiki tatu hazijaisha, vijiti vilitoa majani. Vyote! Uwanja wetu wa nyuma ulikuwa kama darasa la watoto walioinua mikono. Mdogo wangu akapiga picha kwa simu, akamtumia mchumba wake, mchumba akamwonyesha baba. Jioni ujumbe ukarudi: Papa amefurahi, ameanza kung'oa mabati.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala kwa amani. Ndugu msomaji, kama hujawahi kununua samaki kwa jumla, sikiliza. Kitunga kinapofika kutoka Kasenga, samaki wa juu ni wakubwa, wanakuangalia kwa macho mazuri. Samaki wadogo, waliovunjika, na mara nyingine nyasi, wako chini. Miaka yote ya kazi yangu sijalipia kitunga bila kuingiza mkono mpaka sakafuni. Sasa nina vitunga themanini, juu majani mazuri, na chini sijui kuna nini. Na mzee ameandika mizizi.

Nikachomoa kimoja. Chini palikuwa patupu. Nikakirudisha, nikashindilia udongo, nikachomoa cha pili. Kile kilikuwa na vinyuzi vyeupe saba. Nilivihesabu, vikawa saba, nikahesabu tena, vikawa sita. Nikapanga utaratibu mzuri: kila asubuhi kabla ya soko nakagua kumi. Kwa siku nane nimekagua vyote, siku ya tisa naanza upya. Sikuona kosa lolote. Hata sokoni niliwaambia wenzangu kwamba maua ni biashara rahisi, mradi mtu awe makini.

Siku ya kumi majani yakaanza kulegea. Nikaongeza maji. Siku ya kumi na nne yalikuwa yanadondoka. Nikahesabu vyenye majani: hamsini na viwili. Kesho yake arobaini na moja, na keshokutwa sitaki kusema. Tulikuwa tumeingia Oktoba, joto la kupasua mawe, na kule Kampemba mzee alikuwa ameshauza mabati yake.

Mdogo wangu alimleta yule jirani wa kitalu karibu kwa kumburuta. Mzee akachuchumaa, akapapasa udongo.

"Unatia maji?"

"Asubuhi na jioni."

"Kivuli iko. Udongo iko muzuri. Sasa ni nini inaviua?"

"Ni Yaya," mdogo wangu akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake.

"Yaya wako anafanya nini?"

"Anaving'oa. Kumi kila siku."

Yule mzee akanigeukia polepole. "Mama wa samaki. Unang'oa?"

"Sing'oi. Nachomoa, naangalia mizizi, narudisha."

"Na yenye haina mizizi?"

"Narudisha."

"Na yenye iko na mizizi?"

"Nahesabu kwanza."

"Unahesabu."

"Mara mbili."

Alitafuta pa kukaa, akapata ndoo, akakaa. "Mama," akasema, "ile nyuzi nyeupe inavunjika sawa vile vermicelle, ile tambi. Umeona mwanamuke mwenye mimba bakimufungua kila wiki juu ya kuangalia kama mutoto anaendelea?"

Mdogo wangu alicheka, halafu akakumbuka kwamba ni harusi yake, akaacha.

Vilibaki vijiti tisa vyenye uhai. Mzee wa kitalu alisema tuanze upya mara moja, kwa kuwa wiki sita za joto na mvua za kwanza zinaweza kutosha. Lakini alikuwa na sharti: mimi niende Kasenga kununua samaki nikae huko mpaka Novemba. Mdogo wangu alipendekeza kufuli kwenye mlango wa uwanja. Nilimwambia ukweli, kwamba kufuli zote za nyumba ile nilizinunua mimi. Nilijua pia kwamba ningeahidi, ningeapa, na asubuhi ya tatu mkono ungekwenda wenyewe. Mtu hawezi kubadilika kwa wiki sita.

Nilipata dawa sokoni. Pembeni ya meza yangu kuna mama anayeuza maji baridi ya mifuko, ile mifuko myangavu ambayo mtu huing'ata pembeni, hunywa na kuitupa. Niliinua mmoja, nikautazama. Upande wa pili nikamwona mteja wangu akiondoka na samaki bila kulipa, waziwazi kabisa. Nilimkimbilia, lakini mfuko sikuuachilia.

Nilikusanya mifuko mia moja, nikaiosha, nikaitoboa chini, nikapanda humo vijiti vipya mia moja. Jirani alipoona, alikataa. "Mizizi haipendaki mwangaza, Mama. Iko inataka giza." Basi nikakata mifuko myeusi vipande, nikashona kwa sindano, nikavivalisha kila kimoja soksi nyeusi. Asubuhi nilishusha soksi, nikatazama mizizi kupitia plastiki, nikahesabu, nikapandisha soksi. Hakuna kilichochomolewa. Yule mzee alitikisa kichwa mpaka kofia ikapinda.

"Ni wazimu," akasema. "Lakini ni wazimu yenye haiue."

Mvua zilianza. Ilipofika Jumamosi ya mahari nilikuwa na thelathini na moja vya soksi, mizizi yake inaonekana kama nywele za mzee zilizobanwa kwenye kioo. Na vile tisa vya zamani, ndani ya vifuko vyao vyeusi, vilikuwa vimepona na kujaza majani. Thelathini na moja na tisa. Nilijumlisha nikiwa nyumbani, nikajumlisha tena ndani ya gari la mizigo tulilokodi, kati ya mbuzi wawili waliokuwa wanataka kuvila.

Lupango ya mzee ilikuwa wazi kabisa. Hakukuwa na bati hata moja, ni mashimo arobaini tu yaliyochimbwa kwa mstari ulionyooka kama reli. Kwa hiyo sherehe yetu ya familia ilikuwa sherehe ya avenue nzima. Wapita njia walisimama, mwenye baiskeli akashuka, mama mmoja aliyekuwa anakwenda kununua makala akatua gunia lake tupu na kulikalia.

Kostimu ikapokelewa. Viatu vikapimwa, vikabana kidogo, vikapokelewa. Mbuzi wakapokelewa. Kisha mzee akasimama na penseli yake mbele ya maua. Kwenye vile vya soksi nilimwonyesha mwenyewe namna ya kushusha. Aliinua cha kwanza kuelekea jua, akakigeuza, akanong'ona kwa mshangao, "Tiens." Alivikagua vyote thelathini na moja bila haraka, akiandika. Mjomba alisinzia.

Kisha akafika kwenye vifuko vyeusi.

"Hizi haina soksi."

"Hizo ni za kwanza, Papa. Ziko na mizizi."

"Nitajua je?"

Na kabla sijajibu, alishika kijiti shingoni na kukichomoa.

Nilipiga kelele ambayo mwanamke hapigi mbele ya mkwe. Mizizi ilikuwepo, minene, mirefu, na nusu yake ilibaki ndani ya udongo. Mzee akaandika. Alikuwa ameshachomoa cha pili nilipomshika mkono. Nilimshika kweli, hapa kwenye kifundo, mbele ya watu wote. Mjomba aliamka.

"Papa, unaviua!"

"Miye nakagua."

"Ndivyo vinavyokufa! Niulize miye!"

Akatazama vijiti viwili mkononi mwake, mizizi iliyokatika ikining'inia. Akavihesabu vilivyobaki chini. "Basi hapa tuko na makumi tatu na nane," akasema. "Mahari inapungua mbili."

"Hazipungui. Mbili ziko mkononi mwako."

"Hizi zimesha kufa."

"Nani aliyeziua?"

"Mama, miye nimetumika ku reli. Muzigo ikivunjika mbele ya kusaini, ni ya mwenye kutuma. Sikusaini bado."

Upande wa barabarani watu waligawanyika. Mwenye baiskeli alikuwa na mzee. Mama wa makala alisema kwa sauti kwamba mwenye kuvunja ndiye mwenye kulipa, hata akiwa na penseli. Mdogo wangu, ndani ya kostimu yake, alikuwa na rangi ya ugali. Nikajaribu njia ya mwisho.

"Papa, arobaini ilikuwa mbuzi mmoja. Mbili kati ya arobaini ni kipande kidogo cha mbuzi. Ni masikio. Kesho nitakuletea masikio mawili."

Watu wakacheka, hata mjomba. Mzee hakucheka. "Niliandika makumi ine," akasema. "Harusi inangoja mpaka kiisha Noeli."

Nilikuwa nimepunguza mpaka hakuna cha kupunguza.

Msichana alikuwa ndani, kama desturi: haonekani mpaka aitwe na kuulizwa kama mahari ipokelewe. Hakuna aliyemwita. Alitoka mwenyewe, amevaa kikwembe kipya, akapiga goti mbele ya baba yake.

"Papa, bado haujaniuliza."

"Ninakuuliza nini? Haijatimia."

"Niulize tu, Papa."

Mzee akakuna sikio lile la penseli. "Bon. Tupokee?"

"Pokea yote makumi ine. Miye nimesha kuhesabu ku dirisha, ilifika makumi ine, zote nzima. Halafu mutoto akienda kwake, wazazi wanamupatiaka kitu. Nipatie zile mbili zenye umeshika. Hizo njo zawadi yangu."

Mzee alivitazama vile vijiti. Nilimwona akitafuta kosa katika hesabu ile, mbele, nyuma. Hakulipata. Mimi pia nilikuwa nalitafuta, kwa mazoea.

"Chukua," akasema.

"Aksanti, Papa. Sasa zitakufa nikizibeba mu mukono. Nipatie na ile beseni ya zinki."

"Ile kubwa?"

"Yenye unalalishaka juu ya bati ya jikoni. Na udongo ndani."

Kutoka jikoni tulisikia mama yake akicheka mpaka akakosa pumzi. Inaonekana beseni lile yeye mwenyewe alikuwa ameliomba miaka mingi. Mzee aliandika arobaini, akapiga mstari chini yake mara mbili, akasaini. Mwenye baiskeli akaondoka bila kuaga.

Walifunga ndoa Jumamosi iliyofuata. Beseni nililibeba mimi mpaka kwenye gari la Kipushi, likiwa limejaa udongo wa Kampemba, na sikumbuki kubeba mzigo mzito kuliko ule katika maisha yangu ya soko. Moja ya zile bugenvilia ilishika, mwaka huu imetoa maua. Ya pili ni kijiti. Mimi namwambia wifi yangu kwamba hiyo ni kuni, aipikie chai, na yeye anajibu kwamba imelala tu, itaamka. Ningeweza kumthibitishia kwa sekunde moja. Lakini kila nikifika ananiwekea kiti upande wa pili wa uwanja, na chai ananiletea hapohapo.